Namna ya kumwombea mtu anayejitolea atambuliwe rasmi na Serikali: mwongozo kwa vijiji na mitaa ya Nyanda za Juu Kusini

Karibu kila kijiji cha Mbeya, Iringa na Njombe kina mtu wa aina hii. Ni mama anayezungukia wagonjwa majumbani bila posho, kijana anayefundisha hisabati sekondari ya kata huku akisubiri ajira, au mzee anayelinda chanzo cha maji tangu bomba la mserereko lilipojengwa. Wananchi wanamjua na kumheshimu. Halmashauri haimjui, kwa sababu hakuna karatasi hata moja inayomtaja. Mwongozo huu unahusu karatasi hizo: zinaanzia wapi, zinaandikwaje, zinapita kwa nani, na zinakwama wapi kabla mtu huyo hajakabidhiwa cheti chenye sahihi na mhuri wa Serikali.

Watu wengi huanza na barua kwa Mkuu wa Wilaya, na barua hiyo hurudishwa au hulala kwenye faili. Kinachobeba ombi ni muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa. Ofisi ya juu haiwezi kumpa heshima mtu ambaye ofisi ya chini haijaandika popote kwamba inamtambua.

Amua unaomba nini, na kwa nani

Ngazi ya kijiji inaweza kutoa barua ya pongezi ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa Halmashauri ya Kijiji hukutana kila mwezi. Usiidharau barua hiyo, maana ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Ngazi ya kata hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata. Juu yake wako Mkurugenzi wa Halmashauri na Mkuu wa Wilaya, na hapa ndipo makosa ya anwani yanapoanza.

Wilaya na halmashauri si kitu kimoja. Mkuu wa Wilaya ya Rungwe, aliyeko Tukuyu, ana halmashauri mbili chini yake: Rungwe na Busokelo. Wilaya ya Mbeya ina Jiji na Halmashauri ya Wilaya. Iringa ina Manispaa na Halmashauri ya Wilaya, Mufindi ina Halmashauri ya Wilaya na Mji wa Mafinga, na wilaya ya Njombe ina halmashauri tatu kwa sababu Makambako nayo imo. Mkazi wa Busokelo akimwandikia Mkurugenzi wa Rungwe, barua yake imekwenda ofisi isiyo yake, na kuihamisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Kabla ya kuandika, muulize Mtendaji wa Kata jina kamili la halmashauri na sanduku lake la posta.

Ushauri wetu: kwa mara ya kwanza omba cheti cha pongezi kutoka kwa Mkurugenzi, nakala iende kwa Katibu Tawala wa Wilaya. Mkurugenzi ndiye mwenye maafisa wanaoweza kuhakiki kazi yenyewe, yaani Afisa Maendeleo ya Jamii, wa afya, wa elimu na wa misitu. Mkuu wa Wilaya akialikwa kukabidhi cheti hicho, heshima inakuwa ya ofisi zote mbili.

Nishani za Taifa hutunukiwa na Rais. Majina huchujwa ndani ya Serikali, na kijiji hakina fomu ya kujaza. Kinachoweza kufanya ni kuhakikisha faili la mtu wake limenyooka wilayani na mkoani. Usimwahidi mtu nishani.

Kuna pia njia ya kuipa barabara au kichochoro jina lake, kupitia mfumo wa Anwani za Makazi. Pendekezo hilo nalo huanzia kwenye mkutano wa wakazi, kisha hupanda kata na halmashauri. Kwa mtu aliye hai, tunaona cheti kitangulie.

Zungumza naye kabla ya kuzungumza na ofisi

Mwendeni watu wawili au watatu, nyumbani kwake, mmoja wenu akiwa mtu wa rika lake. Mwelezeni mambo matatu bila kuficha: jina lake litasomwa mkutanoni na watu wataruhusiwa kuhoji, cheti huenda kisiambatane na fedha, na picha yake inaweza kutumika na halmashauri. Wengine hukataa, hasa wazee wanaoona kutangazwa ni kujikweza. Mkubalie. Wengine hukubali kwa sharti kwamba kikundi chote kitajwe. Sharti hilo ni jema, na utatuzi wake ni kuomba cheti cha mtu mmoja pamoja na barua ya pongezi kwa kikundi.

Mara hiyohiyo omba kuona kitambulisho chake cha Taifa na unakili majina matatu herufi kwa herufi. Huku kwetu majina huharibika kirahisi. Herufi moja ya ukoo unaoanza na Mwa- ikibadilika, cheti kimekuwa cha ukoo mwingine, na majina yenye Ng' hupoteza alama yake kwa mchapaji. Cheti kikishachapwa na kusainiwa, kukirekebisha ni safari mpya.

Muulize pia kwa upole kama ana kesi au mgogoro wa ardhi unaoendelea, na kama aliwahi kushika fedha za kikundi ambazo hesabu yake haijafungwa. Si kwamba mambo hayo yanafuta wema wake. Lakini yakiibuka mkutanoni mbele ya watu mia, utakuwa umemfedhehesha mtu uliyetaka kumheshimu.

Ushahidi unaopimika

Sentensi kama "amejitolea sana kwa jamii" haina kazi ofisini. Afisa anayesoma anatafuta majibu ya maswali manne: amefanya nini hasa, tangu lini, kwa kiasi gani, na nani mwenye dhamana anayethibitisha. Andika ukurasa mmoja, usiozidi mbili, wenye majibu hayo. Kisha tafuta barua fupi za uthibitisho kutoka ofisi inayohusika na kazi yenyewe. Kwa anayehudumia wagonjwa ni mganga mfawidhi wa zahanati. Kwa anayefundisha ni mwalimu mkuu kama ni shule ya msingi, au mkuu wa shule kama ni sekondari. Kwa maji ni jumuiya ya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii pamoja na ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini). Barua mbili za watu wenye mhuri zinashinda sahihi hamsini za majirani.

Hesabu zifanye mwenyewe kabla afisa hajazifanya, maana hapa ndipo maombi mengi huanguka.

Mwalimu wa kujitolea: chukua ratiba ya shule. Vipindi 12 kwa wiki vya dakika 40 ni saa 8 kwa wiki. Kama amefundisha wiki 36 kwa mwaka, ni saa 288. Ambatisha nakala ya ratiba yenye jina lake. Usiandike kwamba ameinua ufaulu wa shule nzima. Andika somo lake, kidato chake na matokeo ya somo hilo kabla na baada, kama shule inakubali kuyatoa.

Mpanda miti: ekari moja, miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, huingia miche kama 450. Kwa mita 2.5 kwa 2.5 huingia kama 650. Ukiandika kwamba mtu amepanda miti 2,000 kwenye eneo la shule lenye ekari moja, afisa misitu ataweka karatasi chini. Tembeeni shambani na mhesabu iliyo hai, si iliyopandwa. Miche 600 iliyopandwa ikabaki hai 420 ni asilimia 70, na kuandika hivyo kunaonyesha kwamba mmehesabu kweli. Angalieni pia ni miti gani na iko wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji. Mtu aliyepanda milingoti (mikaratusi) ndani ya mita hizo, hata kwa nia njema, atageuka hoja mbaya siku ya kikao, kwa kuwa milingoti hunywa maji mengi na vijiji vingi vinahangaika kuing'oa ili kupanda mivengi na miti mingine ya asili. Kama hali ndiyo hiyo, zungumzeni naye juu ya kuiondoa kwanza, na ombi lisubiri.

Mchangia damu: kadi yake ina tarehe. Mwanaume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, kwa hiyo kwa mwaka ni mara 4 au 3 tu. Idadi inayozidi hapo inaonyesha kadi imesomwa vibaya.

Anayehudumia wagonjwa majumbani: hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Njombe na Iringa ndizo mikoa yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 na 11.1 kwa watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23, na wengi wanaojitolea huku wanahudumia watu hao. Hakuna jina la mgonjwa linalotakiwa kuonekana popote kwenye maombi, wala jina la nyumba, wala picha ya kitandani. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza nguvu. Andika "kaya 14 katika vitongoji vitatu", mganga mfawidhi athibitishe idadi, basi. Kitongoji kikiwa kidogo kiasi kwamba kukitaja ni kumtaja mgonjwa, kiache. Uangalifu huohuo uwaongoze kwa yatima na watoto waliofanyiwa ukatili.

Kosa jingine la kawaida ni kuchanganya kujitolea na nguvu za wananchi. Kuchimba mtaro wa bomba siku ya zamu ya kitongoji ni wajibu wa kila mkazi. Anayestahili kutambuliwa ni aliyefanya zaidi ya zamu yake, na daftari la nguvukazi la mtendaji litaonyesha. Vivyo hivyo, kama mtu alikuwa analipwa posho na shirika, sema hivyo na utaje kipindi. Posho ya nauli haimwondolei sifa, lakini ikifichwa na kugundulika baadaye humwondolea.

Mkutano

Anza na Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mjini ni Kamati ya Mtaa na mkutano wa mtaa. Mpe mtendaji ombi lako kwa maandishi mapema, na umwombe suala liwe ajenda yenye namba yake. Likiachwa kwenye "Mengineyo", litafikiwa jua likizama, watu wakiwa wameshaanza kuondoka, na muhtasari utalipa mstari mmoja.

Ratiba ya kilimo ndiyo inayoamua mahudhurio. Kuanzia Novemba hadi Januari watu wako shambani, na barabara za Kilolo, Makete na Ludewa ni utelezi. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora, ingawa asubuhi za Julai baridi kali huwachelewesha watu, hivyo panga saa nne kuendelea. Epuka siku ya gulio. Ukitokea msiba, ahirisha bila kubishana.

Msemaji awe mtu aliyenufaika na kazi hiyo au aliyefanya kazi naye, na asizidi dakika tano. Kisha watu waulize. Maswali magumu yakijibiwa palepale na kuandikwa, ombi linakuwa na nguvu kuliko lililopita kwa makofi. Mwishoni hakikisha katibu, ambaye ni mtendaji, anaandika azimio kamili. Linaweza kusomeka hivi:

"Ajenda Na. 4: Kutambua mchango wa Ndugu ………. Mkutano ulielezwa kuwa Ndugu ………, mkazi wa kitongoji cha ………, amefundisha somo la Hisabati kwa kujitolea katika Shule ya Sekondari ……… tangu Januari ……… Wananchi walihoji kuhusu ……… na ufafanuzi ulitolewa na Mkuu wa Shule. Azimio: Mkutano kwa kauli moja (au: kwa kura … kati ya …) umeridhia jina lake lipelekwe Halmashauri ya Wilaya kwa ajili ya kutambuliwa rasmi."

Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe mhuri, na orodha ya mahudhurio iambatishwe. Muhtasari usio na mahudhurio hurudishwa. Omba nakala siku chache baada ya mkutano, kabla daftari halijafunikwa na mambo mengine.

Barua

Mwandikaji ni mtendaji wa kijiji kwa niaba ya kijiji. Ukiandika wewe kama mwananchi inakubalika, lakini ipite kwa watendaji wote wawili na kila mmoja aweke maoni, sahihi na mhuri. Muundo wake:

Kumb. Na. ………　　　　Tarehe ………

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………,
S.L.P. ………

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata ya ………

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA RASMI KWA NDUGU ……… KWA KAZI ZA KUJITOLEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano Mkuu wa Kijiji cha ……… uliofanyika tarehe ……… uliazimia jina la Ndugu tajwa liwasilishwe kwako ili atambuliwe kwa cheti cha pongezi. Tangu mwaka ……… amefanya kazi ya ……… kwa wastani wa saa ……… kwa wiki bila malipo. Kazi hiyo imethibitishwa na ……….

Tunaomba Afisa Maendeleo ya Jamii afike kuhakiki, na cheti kikabidhiwe katika ……… tarehe ………. Tunaambatisha muhtasari wa mkutano na mahudhurio, maelezo ya kazi, barua za uthibitisho na nakala ya kitambulisho.

Nawasilisha.

Nakala: Katibu Tawala wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Kata ya ………

Sentensi ya kuomba uhakiki isikosekane. Inaonyesha hamna cha kuficha, na inampa Mkurugenzi kitu cha kuelekeza kwa afisa wake siku hiyohiyo badala ya kuandika tu "nimeiona".

Masijala na ufuatiliaji

Peleka nakala mbili kwa mkono masijala, yaani ofisi inayopokea barua. Masijala wabaki na moja, na ya pili wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ndiyo kinga yako barua ikisemekana haikufika. Baada ya wiki mbili rudi na uulize barua imeelekezwa kwa nani, na kuanzia hapo mfuate afisa huyo, si Mkurugenzi. Ukipiga simu, taja tarehe ya mhuri na kumbukumbu namba.

Ikiwa unaomba zawadi ya fedha au kifaa, kama baiskeli au mabati, fahamu kwamba mwaka wa fedha huanza Julai 1 na mipango ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Ombi la Mei likitaka fedha za Juni halina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti. Cheti pekee hakihitaji hayo. Kijiji kikitaka kuchangia zawadi yake, mchango uwe wa hiari, uridhiwe na mkutano, uandikwe, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Michango ya mdomo kwa jina la mtu humharibia jina mwenye zawadi.

Siku ya kukabidhi

Chagua siku ambayo viongozi watakuwepo hata hivyo, kisha rudi nyuma miezi minne. Hapo ndipo barua iwe imepokelewa. Siku ya Kimataifa ya Kujitolea ni Desemba 5, lakini vijijini huangukia msimu wa kupanda. Kwa mjini, Mbeya au Iringa, inafaa. Kwa vijiji tunapendelea siku inayoendana na kazi yenyewe: Wiki ya Maji, Machi 16 hadi 22, kwa mlinzi wa chanzo, Juni 5 kwa mazingira, Juni 14 kwa mchangia damu, Desemba 1 kwa wahudumu wa UKIMWI. Nane Nane, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ina watu wengi, ila mtu wa kijijini humezwa pale. Akipewa kijijini kwake, mbele ya watoto aliowafundisha, heshima inamfikia zaidi.

Wakati wa kampeni za uchaguzi, sogeza tarehe. Cheti kikikabidhiwa kwenye jukwaa la mgombea, mtu wenu anahesabiwa wa chama hicho hata kama hana chama.

Cheti kiandaliwe na halmashauri yenyewe. Ngao ya Taifa inalindwa na Sheria ya Nembo za Taifa, hivyo msiichapishe kwenye duka la steshenari na kupeleka kusainiwa. Jukumu lenu ni kuomba kuona rasimu na kukagua majina matatu, kijiji, kata, kazi aliyofanya na miaka yake, pamoja na kumbukumbu namba. Cheti kisicho na namba hakiwezi kufuatiliwa miaka kumi baadaye mtoto wake akikihitaji. Maneno yawe mahsusi: "kwa kufundisha Hisabati bila malipo, 2019 hadi 2024" ni bora kuliko "kwa mchango wako mkubwa". Karatasi iwe ngumu, na sahihi na mhuri vikauke kabisa kabla ya kuwekwa plastiki, la sivyo wino husambaa chini ya plastiki. Fremu ya kioo ni bora zaidi kwa nyumba zenye moshi wa kuni.

Siku yenyewe mtu wenu akae mbele na mwenza wake, si nyuma akisubiri kuitwa. Sifa zake zisomwe na mtendaji kutoka kwenye muhtasari, ili kisisomwe kitu ambacho hakikuhakikiwa. Kama atapenda kusema neno, apewe nafasi kabla ya mgeni rasmi, kwa kuwa baada ya mgeni rasmi watu huanza kutawanyika.

Ndani ya wiki hiyo, piga nakala nne za cheti: moja ibaki ofisi ya kijiji pamoja na muhtasari, moja kata, moja shuleni au zahanati alikojitolea, na moja kwake mbali na ile halisi. Mwombe mtendaji aingize tukio kwenye muhtasari wa kikao kinachofuata, chini ya "Yatokanayo". Cheti halisi kikiungua au kupotea, hizo kumbukumbu namba na muhtasari ndizo halmashauri itakazotumia kumtolea kingine. Na mkoa ukiomba majina ya watu waliojitolea, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache tu, faili lake litakuwa tayari kutumwa siku hiyohiyo.